Nyumba Zilizochimbwa Kilimani

Ndugu zangu, wengi wetu hapa Haydom asili yetu ni Kainamu, katika milima ya Mbulu. Huko, ukiona shimo la kale limeingia ubavuni mwa kilima, usidhani ni machimbo. Yamkini ilikuwa nyumba. Wazee wa Kiiraki walichimba mteremko, wakasimamisha nguzo, wakaezeka kwa miti na udongo, hata paa likawa sawa na nchi; watu na ng'ombe wakalala humo pamoja, kwa hofu ya Wamasai waliokuja kuteka mifugo. Miti huoza upesi, ole wetu! Ukuta wa udongo ndio usaliao. Basi, kabla hamjaufukia mpate shamba, mwiteni mzee awaonyeshe ulipokuwa mlango, na ng'ombe walipolala.