Usitoe Notisi ya Kuhama Kabla Nyumba Mpya Haijawa Tayari

Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Mombasa

 

Mimi ni afisa wa habari, si wakili. Kazi yangu ni kueleza kwa lugha nyepesi mambo yanayowagusa wakazi. Leo nazungumza na mpangaji anayenunua nyumba. Ametoa notisi ya kuhama, au yuko karibu kuitoa, kisha anaambiwa nyumba aliyolipia bado haijawa tayari.

Tuchukue mfano. Mpangaji wa Mikindani analipa kodi ya shilingi 18,000 kila tarehe 5. Amepata nyumba Bamburi kwa shilingi milioni 4.5. Ameweka asilimia 10, yaani shilingi 450,000, na mkataba wa mauzo unasema shughuli itakamilika kwa siku 90. Siku ya 50 anatoa notisi ya kuhama. Mwenye nyumba anatafuta mpangaji mwingine, anampata na kupokea amana yake. Siku ya 88 wakili anapiga simu kusema hatimiliki bado haijahamishwa. Sasa familia ina vitanda, friji, watoto wa shule na tarehe ya kutoka, lakini haina pa kwenda.

Kosa la huyu mtu ni lipi? Aliichukua ile tarehe ya siku 90 kama ahadi. Mikataba mingi ya mauzo nchini huweka siku 90, lakini hizo ni siku ambazo pande mbili zinatumaini zitatosha. Ndani yake kuna hatua nyingi zinazotegemea watu wengine.

Nitazitaja chache. Ikiwa nyumba ina mkopo wa benki, benki ya muuzaji lazima ilipwe na iachilie hatimiliki. Ikiwa ardhi ni ya kukodi kutoka kwa serikali, kunahitajika idhini ya kuihamisha na cheti kwamba kodi ya ardhi imelipwa. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, idhini ya mwenzake inahitajika pale sheria inapoitaka. Ikiwa aliyeandikwa kwenye hatimiliki ameshafariki, hakuna mtoto wala ndugu anayeweza kuuza mpaka urithi upitie mahakamani, na kwa Waislamu mara nyingi ni Mahakama ya Kadhi. Kisha mthamini wa serikali hukadiria thamani, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu. Mjini ushuru huo ni asilimia 4. Kwa nyumba yetu ya mfano, ikikadiriwa kwa bei ileile, ni shilingi 180,000.

Kuna hatua moja inayopitia kwetu kaunti. Msajili wa ardhi hawezi kusajili uhamisho bila cheti cha kuonyesha kwamba ada za ardhi za kaunti zimelipwa. Muuzaji mwenye malimbikizo ya miaka kumi atakwama hapo, na wewe utakwama pamoja naye. Kwa hivyo mwombe muuzaji risiti za ada za ardhi kabla hujaweka amana, usingoje wiki ya mwisho.

Na hapa Mombasa tuna jambo letu wenyewe: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, lakini ardhi ni ya mwingine, naye hulipa ijara ya ardhi. Nyumba hizi huuzwa na kununuliwa kila siku, na si haramu. Lakini aliyedhani ananunua nyumba na ardhi, kisha akagundua katikati ya safari kwamba ni nyumba pekee, hatahama kwa tarehe aliyopanga. Fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi mapema, na usome jina lililoandikwa humo.

Sasa tuje kwenye notisi yenyewe.

Anza na mkataba wako wa upangaji. Kama umeandikwa kwamba notisi ni mwezi mmoja au miwili, fuata hayo. Kama huna mkataba wa maandishi na unalipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi, na imalizike siku ambayo kodi hulipwa.

Sehemu hiyo ya mwisho wengi hawaijui. Rudi kwa mpangaji wetu anayelipa tarehe 5. Akitoa notisi tarehe 3 Julai, anaweza kutoka tarehe 5 Agosti. Akiitoa tarehe 10 Julai, yeye atahesabu mpaka tarehe 10 Agosti. Lakini siku hiyo si siku ya kodi, kwa hivyo notisi yake inafika tarehe 5 Septemba. Kuchelewa siku chache kutoa notisi kumemgharimu kodi ya mwezi mzima.

Kama mkataba wako ni wa muda maalum, tuseme mwaka mmoja, na hauna kifungu cha kutoka mapema, jua kwamba unaweza kudaiwa mpaka muda uishe. Hapo zungumza na mwenye nyumba. Mara nyingi atakubali ukimletea mpangaji mwingine anayemfaa. Akikubali, mwandikiane.

Basi notisi itolewe lini? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wako ni ile nyumba ya kupanga, hata kama bomba linavuja. Ushauri wangu ni huu: usihesabu kuanzia siku uliyotia sahihi mkataba wa mauzo. Ngoja wakili wako akuambie mambo matatu. Stakabadhi zote za uhamisho zimetiwa sahihi na ziko mkononi. Fedha, zako au za benki, ziko tayari. Na nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu, bila mpangaji wa muuzaji ndani yake. Hilo la tatu husahauliwa sana. Unaweza kuwa na hatimiliki kwa jina lako na bado kuna familia inapika jikoni mwako, nayo ina haki ya kupewa notisi kama wewe.

Mtu ataniuliza: si nitalipa kodi ya bure mwezi mmoja? Tupige hesabu. Mpangaji wetu akikaa mwezi mmoja zaidi, analipa shilingi 18,000. Akitoka kabla ya wakati, atalipa lori mara mbili na mahali pa kuweka vyombo, na familia italala mahali. Hata akipata chumba cha wageni cha shilingi 2,500 kwa usiku, siku 30 ni shilingi 75,000. Hapo hatujahesabu nauli ya watoto kwenda shule kutoka mtaa mwingine. Kodi ya mwezi mmoja ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote.

Na kama notisi umeshaitoa? Usikae kimya ukitumaini mambo yatajipanga. Jambo la kwanza, fahamu kwamba notisi iliyotolewa haiondolewi na upande mmoja. Huwezi kumwambia mwenye nyumba umebadilisha nia, ikawa basi. Ni lazima akubali. Kwa hivyo mpigie simu siku ileile unayopata habari za kuchelewa, kabla hajachukua amana ya mtu mwingine. Mweleze ukweli na umpe tarehe. Omba mwezi mmoja kamili badala ya "siku chache tu", kwa sababu mwenye nyumba anaweza kupanga na mwezi, lakini siku chache zisizo na mwisho humsumbua.

La pili, akikubali, liandikwe. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, mradi useme kodi ni ngapi, mpaka tarehe gani, na amana yako inabaki vilevile. Lipa kwa M-Pesa au benki, usitoe pesa mkononi bila risiti.

La tatu, ukibaki ndani bila idhini yake baada ya muda kuisha, bado unadaiwa kodi na wajibu wote wa mkataba. Akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya upangaji kuisha, sheria inauhesabu kuwa upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi, na notisi inaanza upya. Wapangaji na wenye nyumba wote walijue hilo.

La nne, akikataa kwa sababu ameshampa mwingine, si lazima awe mtu mbaya. Naye ameahidi. Muulize kama ana chumba kingine, au mpangaji mpya anaweza kusubiri wiki mbili ukimchangia gharama. Lakini hata hapo, mwenye nyumba hana ruhusa ya kukufungia kufuli, kung'oa mabati au kukata stima ili utoke. Kumtoa mtu kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama au ya jopo lenye mamlaka.

Upande wa pili wa mambo ni muuzaji. Gharama ya kuchelewa si lazima ibebwe na wewe peke yako, lakini ulinzi huo huwekwa kabla ya kutia sahihi. Mwambie wakili wako aweke kifungu kwamba muuzaji akichelewa kwa makosa yake, atakufidia kodi unayolipa kila mwezi unaozidi. Au kifungu kinachokuruhusu kuingia kwenye nyumba kabla uhamisho haujasajiliwa, kwa masharti yaliyoandikwa. Amana ishikwe na wakili kwa niaba ya pande zote mbili, isiingie mfukoni mwa muuzaji siku ya kwanza.

Neno kuhusu amana ya upangaji. Amana si kodi ya mwezi wa mwisho, isipokuwa mmekubaliana hivyo. Siku ya kutoka, tembea nyumba pamoja na mwenye nyumba au wakala wake, piga picha kuta, sinki na choo, soma mita ya maji na ya stima, na mwandike mlichoona. Akikataa kukurudishia bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka kesi iamuliwe kwa siku 60. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina jopo lake maalum chini ya Sura ya 296. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuuliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Wakazi wenzangu, kununua nyumba ni jambo ambalo wengi wetu tutalifanya mara moja tu maishani. Ukirudi nyumbani leo, fanya mambo mawili. Toa mkataba wako wa upangaji pale ulipouficha, usome kifungu cha notisi. Kisha uandike siku yako ya kodi kwenye kalenda, uhesabu kurudi nyuma. Na kama unauza nyumba, nenda ukaangalie deni lako la ada za ardhi sasa, kabla mnunuzi hajaja, kwa sababu kuna familia mahali inayohesabu siku kwa kukutegemea wewe.

 Sasa nipo tayari kwa maswali.