Habari Itangulie Ndege



Kutoka kiwanja cha ndege cha Manda, huko Lamu nchini Kenya, hadi kile cha Kismayo nchini Somalia, ni kilomita 270 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege yenye mwendo wa kilomita 450 kwa saa huumaliza umbali huo kwa dakika 36. Baada ya kilomita 100 za kwanza, yaani dakika 13 hivi, huwa imefika mpakani, na Ras Kamboni iko upande wake wa kulia. Dakika zilizosalia hupita katika pwani ya Wabajuni, penye visiwa vya Chula, Chovai na Koyama.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa huhitaji dakika 54. Kusi ikiisukuma kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, safari hupungua hadi dakika 48. Kaskazi ikiikabili kwa nguvu hiyo hiyo, saa nzima hupita kabla haijafika. Manahodha wa pwani hiyo walilijua jambo hili kabla ya kuwapo ndege: safari haipimwi kwa umbali peke yake.

Kwa abiria, kuchelewa kwa dakika kumi ni jambo la kuvumilia. Kwa askari aliye lindoni kiwanjani, dakika hizo zaweza kuwa uhai au kifo.

Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, wapiganaji wa Al-Shabaab waliishambulia kambi iliyo katika kiwanja cha kijeshi cha Manda Bay, huko Lamu. Wamarekani watatu waliuawa, na ndege kadhaa zikaharibiwa. Hakuna awezaye kumlaumu mlinzi wa kiwanja kwa kuwa macho baada ya mkasa kama huo.

Lakini kuwa macho hakutoshi. Tarehe 4 Mei mwaka huo huo, ndege iliyochukua vifaa vya tiba iliondoka Baidoa, Somalia, kwenda Bardale, safari fupi mno kwa ndege. Ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua, na watu wote sita waliokuwamo wakafa. Taarifa ya awali ya majeshi ya Umoja wa Afrika ilieleza kwamba askari wa Ethiopia waliokuwa hapo hawakuwa na habari ya ujio wake. Walipoiona ikiruka chini kwa namna isiyo ya kawaida, walidhani inakuja kujilipua.

Funzo lake ni wazi. Safari ikiwa fupi, nafasi ya kuulizana nayo ni fupi. Kwa hiyo kabla ndege haijapaa, kiwanja inakokwenda hakina budi kujua aina yake, saa ya kuondoka, njia yake na saa inayotarajiwa kufika. Habari hiyo isiishie mezani kwa mkubwa. Imfikie askari mwenye bunduki, na zamu zinapobadilishana ikabidhiwe pamoja na lindo. Ndege ikichelewa au ikiwahi, aliye lindoni aijue sababu, au ajue wa kumwuliza.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Swali moja kwa simu ya upepo huchukua nusu dakika. Risasi ikishatoka, hairudi.