Nyumba ya Kontena Nayo Huhitaji Kibali: Hotuba kwa Wakazi

Wengi siku hizi hununua ploti na kuagiza nyumba ya kontena, wakidhani kinacholetwa na lori si jengo. Sivyo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 humtaka mwenye ploti apate idhini ya kaunti kwanza. Anayeanza bila idhini, akipatikana na hatia, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili.

Hata hivyo, ardhi hutangulia nyumba. Mnunuzi afanye upekuzi rasmi wa hatimiliki, kisha aende na mpima ardhi waone bikoni kwa macho. Ikiwa ni shamba la kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Bila idhini hiyo ununuzi ni batili, hata kama pesa zote zimelipwa. Hapo ndipo wengi huumia.

Halafu njia. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 hivi. Lori likishindwa kukata kona, nyumba italala barabarani huku mwenye kreni akidai malipo yake ya siku.