Daftari la Marehemu Mwenzetu

Leo tunamkumbuka marehemu mwenzetu. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwenzetu aliingia kisomo. Mwaka 1975 akafanya mtihani wa taifa, akafaulu.

Je, elimu ile aliitumiaje? Kwanza, aliwasomea jirani barua zao, na siri zao hakuzitoa. Pili, aliandika mambo ya nyumbani kwake katika daftari: mipaka ya shamba, mbuzi walioko kwa watu, na madeni. Kila alipoandika, alimsomea mkewe.

Baada ya msiba, mtu mmoja akaja kudai. Eti marehemu hakumlipa ng'ombe wa kulimia, kwa hiyo apewe shamba. Mama akaleta daftari, likasomwa mbele ya wazee. Kumbe deni lilikwisha lipwa, na mdai alitia sahihi yake mwenyewe! Mama na wajukuu wanalima shamba lao.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ndugu zetu, tumuenzi kwa vitendo. Tuandike mali zetu na madeni yetu, na wake zetu na waume zetu wajue.

Mungu ailaze roho yake mahali pema.