Anza na Vitoto vya Mbuzi: Namna ya Kuwafunza Watoto Stadi na Tabia Njema

Mada kwa semina ya wazazi, walezi na walimu, wadi ya Burat, Kaunti ya Isiolo



Semina nyingi za malezi huanza kwa kumhesabia mzazi makosa yake. Mimi naomba nianze na jambo ambalo wazazi wa Burat hulifanya vizuri kuliko vitabu vingi vya mijini, kisha niulize kwa nini tunaliacha huko malishoni.

Tazameni mtoto wa mfugaji anavyofunzwa kuchunga, awe Mturkana, Msamburu, Mborana au Msomali. Hakuna anayemkalisha chini amsomeshe habari za mbuzi. Angali mdogo hupewa vitoto vya mbuzi vinavyobaki karibu na boma mama zao wakienda malishoni. Kazi yake ni kuvizuia visitawanyike. Akiizoea, hufuata mbuzi na kondoo wenyewe, nyuma ya kaka au binamu aliyemtangulia. Ng'ombe huja baadaye. Ngamia, ambaye huenda mbali na ana ukaidi wake, humsubiri mtoto apate nguvu na akili ya njia. Jioni mifugo ikirudi, mzee husimama penye lango la zizi. Wengine hawahesabu hata. Hutazama rangi, pembe na mwendo, wakajua nani hayupo. Kisha huja maswali. Mmenywesha wapi leo? Huyu mwenye doa ameanza kuchechemea saa ngapi? Nyayo mlizoziona mtoni zilikuwa za ndovu wangapi?

Ukiyachambua mafunzo hayo, utaona kwamba mtoto amepewa kazi ya kweli, yenye faida kwa nyumba nzima, lakini iliyokatwa kwa kimo chake. Aliyemzidi kidogo yuko karibu. Na jua haliingii kabla hajaulizwa. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walieleza jinsi mtu mzima anavyomshikia mtoto ile sehemu ya kazi asiyoiweza bado, kisha akamwachia polepole kadiri anavyopata uwezo. Nyanya yangu hakuwasoma, na hangeona jipya kubwa.

Hata hapa Kenya jambo hili limechunguzwa. Miaka ya 1950 watafiti waliishi Nyansongo, katika eneo la Wakisii, wakaangalia watoto wanavyoenenda, na wenzao wakafanya vivyo hivyo katika jamii nyingine tano, ikiwemo moja ya Marekani. Beatrice na John Whiting walipoyalinganisha matokeo katika kitabu chao cha 1975, watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliojitokeza zaidi kwa kuwajibika na kuwatunza wengine. Sababu waliyoipa uzito ni kazi walizokabidhiwa: kulea wadogo zao, kuchunga, kusaidia shambani. Nao Sara Harkness na Charles Super, waliofanya utafiti Kokwet kwa Wakipsigis, waliwakuta wazazi wakitofautisha akili ya darasani na akili ya nyumbani. Mwenye akili ya nyumbani ni yule anayeona la kufanya akalifanya kabla ya kutumwa.

Sasa angalieni tunavyobadilika tunapotaka kufunza jambo jipya. Mzazi yule yule aliyekuwa na subira ya miaka kwa habari ya mbuzi, akifika kwenye daftari hubaki na neno moja: "Soma!" Usafi ni "Oga!" Simu ni "Weka chini hiyo!" Mtoto hajapewa kitoto cha mbuzi hapo. Amepewa ngamia wote kwa siku moja, na jioni hakuna aliyesimama langoni.

Nianze na masomo, kwa kuwa ndiyo yanayowatia wengi hofu. Mzazi ambaye hakuingia darasani hudhani hana la kumsaidia mtoto. Lakini maswali ya langoni hayahitaji alfabeti. "Nionyeshe mliloandika leo. Nisomee mstari huu. Maana yake nini? Mwalimu ameweka alama gani hapa, na kwa nini?" Mtoto anayejua kwamba ataulizwa kila jioni hulitazama daftari lake kwa jicho jingine tangu asubuhi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, umewaleta wazazi ndani ya kazi za shule wapende wasipende. Malalamiko kuhusu gharama za vifaa na za kuchapisha kwenye saiba ni ya haki, na walimu mliopo myasikie. Hata hivyo, mtoto akitumwa kuuliza kuhusu miti ya dawa, namna ya kuhifadhi maziwa au majina ya majira, mwalimu wake wa siku hiyo ni nyanya yake.

Jambo jipya la pili ni kilimo. Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, ulizipokonya familia nyingi mifugo. Wengine wameelekea kwenye kilimo cha maji ya Mto Isiolo: nyanya, vitunguu, sukuma wiki. Katika kilimo hiki mzazi naye ni mwanafunzi, na sioni aibu yoyote hapo. Mtoto akimwona baba akiuliza na kujaribu, anajifunza namna mtu mzima anavyojifunza. Ninachopinga ni kumfanya mtoto mbeba maji tu wa shamba la baba. Mpe tuta moja la sukuma liitwe lake. Apande, anyunyizie, avune, auze mafungu, aandike mbegu zimegharimu kiasi gani na amepata kiasi gani. Akilisahau likanyauka, acha linyauke, maana hasara ya tuta moja nyumba inaweza kuibeba. Hasara ya mbuzi wa maziwa haibebeki, kwa hiyo huko msimamieni.

Tabia nazo hukaa zikifungwa kwenye jambo ambalo lazima litokee. Fikirini chombo cha maziwa kinavyofukizwa moshi. Kikimwagwa huoshwa, kikioshwa hufukizwa, na asiyefukiza huonjeshwa kosa lake na maziwa yenyewe. Kunawa mikono kunaweza kufungwa vivyo hivyo. Tundikeni jerikeni dogo lenye tundu na kamba ya kukanyaga pale pale chakula kinapopakuliwa, na sahani isitoke kwa mwenye mikono mikavu. Kisha muwe na subira. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu wazima 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2010: kwa wastani tabia ilichukua siku 66 kuwa mazoea, lakini mwingine zilimtosha 18 na mwingine alikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hao walikuwa watu wazima, basi msimhesabie mtoto siku. Nimeitaja habari hii kwa ajili ya wale wanaokata tamaa wiki ya pili.

Najua kuna mzee anayesema moyoni kwamba uchungaji ulifunzwa kwa fimbo. Ni kweli, na wengi hapa wanamjua mtoto aliyelala porini kwa kuogopa kurudi bila mbuzi aliyepotea. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, fimbo huyaua maswali ya jioni. Mbuzi akipotea unataka ukweli upesi, kabla fisi hajampata, na mtoto anayengoja kuchapwa atakuelekeza bonde lisilo lenyewe.

La mwisho ni zito zaidi. Kazi inayofunza huongezeka na kubadilika. Inayorudiwa ile ile miaka mitano imekuwa utumishi. Msichana aliyeanza kuchota maji akiwa na miaka saba alishajifunza kuchota maji akiwa na minane. Kumwamsha kabla ya alfajiri akiwa na kumi na miwili hakumfunzi chochote, na darasani atasinzia. Kazi hiyo ishuke kwa mdogo wake, hata akiwa wa kiume, naye msichana apandishwe: ashike hesabu ya matumizi ya nyumba, au aende na mama sokoni Isiolo kujifunza kupatana bei. Na mvulana anayepelekwa na mifugo mbali wakati wa kiangazi ana haki ya shule kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ikiwa kuna mtu mzima wa kwenda, na aende mtu mzima.

Kabla ya maswali, naomba kila mmoja amgeukie jirani yake amwambie kazi moja mpya atakayomkabidhi mtoto wiki hii, ataipunguza vipi ili imtoshe, na nani nyumbani atakayeuliza jioni. Akina baba mliokaa nyuma, nitaanza kwenu.