Kugawanyika Bila Kuchomeana Nyumba

Mama na baba mlioko kambini, ninyi mnaokaa kwa jamaa waliowapokea, wakubwa wa vijiji na mitaa, wanakamati: karibuni tena tuzungumze juu ya amani.

Leo tutasema juu ya orkestra. Katika nchi yetu, hata mtoto anajua kwamba orkestra hupasuka. Zaïko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa mwaka 1969. Mwaka 1974 Papa Wemba na wenzake wakatoka, wakaunda Isifi Lokole. Basi kupasuka si jambo geni kwetu. Swali ni hili: watu wakishindwa kukaa pamoja, wanaachana kwa njia gani?

Ili tujibu, nitawapeleka mbali, mpaka Uingereza, kwenye London Symphony Orchestra. Ni kundi kubwa la wapiga violini, filimbi, tarumbeta na ngoma. Ninyi mliowahi kuona sinema, huenda mmewasikia bila kuwajua. Ndio waliopiga muziki wa filamu ya Star Wars mwaka 1977, uliotungwa na John Williams.

Kundi hilo lilizaliwa kutokana na ugomvi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wanamuziki wa London walilipwa kidogo. Mtu akipata kazi yenye malipo mazuri zaidi, alituma mwenzake ampigie mahali pake. Kiongozi wa orkestra moja, Henry Wood, alichoshwa na desturi hiyo, na yeye pamoja na meneja wake wakaikataza. Wanamuziki wapata 40 wakatoka. Hawakuvunja ala za wenzao, wala hawakumngojea Bwana Wood njiani. Waliunda shirika lao, wakaandika kanuni, wakachagua wakubwa wao kati yao, wakakubaliana kugawana faida. Tarehe 9 Juni 1904 wakapiga tamasha lao la kwanza. Na Bwana Wood, yule waliyemwacha, alikuja kuwasikiliza.

Orkestra hiyo iliingia mapema katika kazi ya sinema. Mwaka 1935 walirekodi muziki wa filamu Things to Come, inayoonyesha mji ulioharibiwa na vita na kujengwa upya. Sinema ilileta mkate, na mkate ukaleta ugomvi. Kufikia mwaka 1955, wapigaji wakuu walitaka uhuru wa kutanguliza kazi ya sinema kwa sababu ya malipo yake. Wakubwa wa shirika wakasema hapana, matamasha yatangulie. Sikilizeni jambo hilo vizuri: orkestra iliyozaliwa na watu waliotaka kufuata malipo mengine, sasa ndiyo iliyowakatalia wana wake!

Wengi wa wapigaji wakuu wakaondoka. Wakaunda kundi jingine, Sinfonia of London, likapiga muziki wa filamu nyingi. Waliobaki wakatafuta vijana wenye kipaji, wakaanza upya. Kila upande ukapata njia yake ya kuishi. Miaka 22 baadaye orkestra ile ilikuwa tena ndani ya studio ya sinema, kwa ile Star Wars, na jina lake likajulikana duniani kote.

Ni nini kilichowasaidia? Si kwamba walipendana kuliko sisi. Walikuwa na kanuni iliyoandikwa, wakubwa waliochaguliwa, na hesabu iliyojulikana. Mtu alijua nani ana haki ya kuamua. Aliyeshindwa aliweza kutoka na uzima wake na kazi ya mikono yake.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwasifu tu. Kati ya waanzilishi wa 1904 alikuwemo Adolf Borsdorf, mpiga baragumu. Alizaliwa Ujerumani, lakini alikuwa amekaa Uingereza zaidi ya miaka 30, akiwafundisha vijana wa huko. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, chuki juu ya Wajerumani ikawaka, na ikambidi atoke katika orkestra aliyosaidia kuijenga. Hakuiba, hakusaliti. Kosa lake lilikuwa mahali alipozaliwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo kanuni yao ilipolala usingizi, na hapo ndipo sisi tunapaswa kuamka. Tumewaona majirani wakiambiwa warudi walikotoka babu zao. Wengine mnaonisikiliza ndio ninyi mlioambiwa hivyo. Na hata kambini, watu hunung'unika: huyu si wa kwetu, asikae katika kamati ya mgao. Kanuni inayowalinda wapendwa peke yao haijawa kanuni. Inapimwa siku ile watu wote wanapomchukia mmoja asiye na kosa.

Kwa hiyo, wakubwa wa mitaa na wanakamati, nawaomba mambo matatu. Andikeni kanuni zenu, hata kama ni ukurasa mmoja, na zisomwe mbele ya wote, kwa lugha ambayo mama mzee anaielewa. Hesabu ya mgao isomwe hadharani. Na mtu ashitakiwe kwa tendo alilolitenda, wala si kwa kabila lake.

Mkiisha kusikiliza, kaeni pamoja mzungumzie maswali haya. Katika kamati yetu, nani anaamua, na nani alimpa haki hiyo? Kundi likitaka kutoka, litapita mlango gani? Na kati yetu, Borsdorf ni nani?

Swali la mwisho lisijibiwe haraka.