Picha ya Rufiji Isiyo na Mikoko



Leo sina habari ya bajeti wala ya foleni ya Mbagala. Nina habari ya picha. Ninaposema picha nina maana ya sinema, kama tulivyozoea kusema tangu enzi za Avalon na Empress pale Dar es Salaam, wakati mtu aliyekosa onyesho la Jumapili alikuwa na hakika kwamba Jumatatu atasimuliwa lote, tangu majina ya mwanzo hadi ngumi ya mwisho, tena na milio yake.

Kusimulia picha ni kazi ya watu. Msimulizi hodari hasemi tu kwamba walipigana. Anasimama, anakunja mikono ya shati, anakuonyesha teke lilitoka wapi na adui aliangukia meza ipi. Nao wasikilizaji wake wana sheria zao. Ya kwanza, inayojulikana kuliko vifungu vingi vya Katiba, ni kwamba steringi hafi. Adui atakufa, rafiki wa steringi atakufa (huyu hufa mapema, hasa akishaonyesha picha ya mchumba wake), lakini steringi hafi. Ndiyo maana Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975, ilizua ubishi ambao kwenye mabenchi ya kahawa haujaisha mpaka leo, kwa sababu Amitabh Bachchan anakufa mle ndani. Wako wanaosema basi hakuwa steringi, steringi ni Dharmendra. Wako wanaosema sheria ilivunjwa na Wahindi wenyewe. Mzee mmoja wa Temeke aliwahi kuniambia kwamba Amitabh hakufa, mkanda ulikatika.

Wasomi wakisikia mazungumzo ya namna hii huyaona ni ya kupoteza wakati. Lakini serikali ya mkoloni haikuyaona hivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walikuwa na mradi wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, huko Usambara. Walipiga picha za kilimo, afya na mambo kama hayo, wakazitembeza kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani, na kila walipoonyesha waliandika watazamaji walicheka wapi, walinyamaza wapi na walisema nini. Walitaka kujua kama Mwafrika anaweza kuelewa sinema. Hawakuwa wakimuuliza kama sinema yenyewe ni nzuri, na mimi naona hayo ni maswali mawili yaliyo mbali sana.

Swali hili la pili nimelisikia likijibiwa Kibiti.

Nilikuwa safarini kwenda Mafia. Anayekwenda Mafia kwa maji hufika Kibiti, akaacha lami ya kwenda Lindi, akashika njia ya kuteremka Nyamisati kusubiri chombo. Siku hiyo chombo hakikuwa na haraka nasi, kwa hiyo nikabaki Kibiti mjini, na kijana wa bodaboda akanielekeza kwenye kibanda cha video. Mnavijua vibanda hivi: mabati juu, turubai ubavuni, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Mjini tunaviita vibanda umiza, na aliyekaa humo dakika tisini za mpira anajua jina limetoka wapi. Kiingilio shilingi mia tano. Chakula cha kila siku ni ligi ya Uingereza, picha za marehemu Kanumba ambazo zinarudiwa ingawa mwenyewe alifariki Aprili 2012, na picha za kigeni zilizotafsiriwa, yaani zile ambazo sauti ya Mswahili inapanda juu ya sauti ya mzungu na kutueleza mambo, mengine yamo kwenye picha na mengine hayamo. Ufundi huo kina Lufufu waliufikisha mbali enzi za mikanda, na wenzetu wa Kampala wanao wao.

Mchana huo mpira haukuwapo. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa ameleta picha kwenye flashi, akamwambia mwenye kibanda: "Weka hii, inatuhusu." Ilikuwa picha ya zamani, ya mwaka 1976, iitwayo Shout at the Devil. Steringi ni Roger Moore, yule aliyekuwa James Bond, pamoja na Lee Marvin wa Marekani. Imetokana na kitabu cha Wilbur Smith, na kisa chake ni cha hapa hapa: manowari ya Kijerumani imejificha katika delta ya Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kina Moore wanataka kuilipua. Haikuwa imetafsiriwa, kwa hiyo mwalimu akasimama pembeni kutafsiri.

Hazikupita dakika nyingi kabla mvuvi mmoja wa makamo, aliyekuja Kibiti kuuza kamba, hajauliza: "Mwalimu, hapa ndipo wapi?"

"Rufiji, kaka."

"Rufiji ya wapi yenye kilima?"

Kibanda kikacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Picha ile haikupigwa Rufiji. Ilipigwa Afrika Kusini na Malta, na mto unaoonekana mle ni mto wa pwani ya kule kusini. Watu wa delta wakaanza kuhesabu makosa. Mikoko iko wapi? Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, na mtu aliyezaliwa Kiomboni au Mbwera humwambii kwamba kichaka chochote kando ya maji ni mkoko. Anajua mkoko, mchu, msinzi na mkandaa, na anajua upi unafaa boriti na upi unafaa kuni. Tope liko wapi? Watu wanakimbia ukingoni na viatu vinabaki safi. Na maji, mbona hayajai wala hayapwi? Yule mvuvi alishikilia hapo. Meli kubwa kama ile, alisema, haiwezi kuingia milango ya Rufiji siku ya maji mafu. Ingengoja bamvua. Aliyetunga hakuuliza hata mtoto.

Nimesoma maoni ya wahakiki wa magazeti ya Ulaya juu ya picha mbalimbali, na wengi hawafiki hapo. Huzungumzia mwanga na uigizaji. Huyu alizungumzia mwezi na maji, akaonyesha kwamba kisa chenyewe, kama kilivyowekwa, hakiendi.

Kilichowachoma zaidi kilikuja baadaye. Kuna mtu katika picha ile anaitwa Mohammed. Ni msaidizi wa Lee Marvin, yuko naye karibu kila mahali, na ndiye mtu wa pwani aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote. Kwanza, anayeigiza ni Mwingereza, Ian Holm, aliyepakwa rangi. Pili, ni bubu. Mwanzo hadi mwisho hasemi neno. Mwalimu alipolieleza hilo, kijana mmoja wa nyuma akasema taratibu: "Mmoja tu ametoka kwetu, naye wamemkata ulimi." Safari hii hakucheka mtu. Na Roger Moore mwenyewe alipojipaka masizi ili achanganyike na vibarua apande melini, mwenye kibanda akauliza kama Wajerumani hao walikuwa vipofu.

Sasa niseme kisa cha kweli, maana wengi wetu mjini hatukijui, na picha ile imekigeuza.

Manowari hiyo iliitwa Königsberg. Ilikuwa na urefu wa mita 115 na mizinga mikubwa kumi, na ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Vita vilipoanza ikatoka baharini, na tarehe 20 Septemba ikaizamisha manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus katika bandari ya Unguja. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Kisha mitambo ikaharibika na makaa ya mawe yakawa haba, ikaingia Rufiji kujificha. Waingereza waliigundua huko mwishoni mwa Oktoba, wakaziba mlango mmoja kwa kuzamisha meli kuukuu, lakini milango ya Rufiji ni mingi. Wakaiteka Mafia mwezi Januari 1915, wakaifanya uwanja wa ndege zao za kuchungulia. Mwishowe zikaletwa kutoka Malta meli mbili zisizohitaji maji marefu, Severn na Mersey. Tarehe 6 Julai zilishindwa, tarehe 11 zikaiweza, na nahodha Looff akaamuru manowari yake izamishwe. Hakuna Roger Moore aliyepanda na bomu. Mabaki yake yalionekana upande wa Salale kwa miaka mingi baada ya hapo.

Lakini kuna jambo moja ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko mizinga. Mitambo ilipoharibika hapakuwa na karakana delta. Vyuma vya boila vikatolewa, vikawekwa juu ya magogo, vikaburuzwa na watu hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia, vikatengenezwa, vikaburuzwa tena kurudi. Katika tope, katika mvua, katika mbu wa Rufiji. Na manowari ilipokwisha zama, mizinga yake ikaopolewa na kuvutwa nchi kavu kwenda kupigana vita vya von Lettow-Vorbeck, na waliovuta ni hao hao. Leo mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Majina ya walioivuta hatunayo. Sisi wa Dar es Salaam tunapita Kariakoo kila siku kununua nyanya, na jina hilo lenyewe ni la Kiingereza lililogeuzwa kwa ulimi wetu, la kikosi cha wapagazi cha upande wa Waingereza waliopiga kambi pale. Tumebakiwa na neno, tena tukilisikia tunafikiria soko.

Mwalimu aliyaeleza hayo picha ilipokwisha, na ubishi ukabadilika sura. Mwanzo ulikuwa wa kuikosoa picha ya mzungu. Sasa vijana wakawa wanauliza kwa nini hakuna yetu. Mmoja alisema: "Mtu ukimwambia umetoka Kibiti, anakuuliza habari za 2017." Anayekumbuka mwaka huo hahitaji maelezo. Waliuawa askari polisi, waliuawa viongozi wa vijiji na vitongoji, na watu walifunga milango kabla ya magharibi. Mwenye kibanda alisema kwa miezi ile hakuonyesha kitu usiku, hata mpira. Kijana yule hakuwa akitaka yale yasahauliwe. Alikuwa akisema kwamba nchi nzima inaijua Kibiti kwa sura moja, na dunia inaijua Rufiji kwa mto wa Afrika Kusini.

Mtu wa mjini atasema sinema ni gharama. Ni kweli. Lakini hatukuanza jana. Marehemu mzee Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, alikuwa steringi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, picha zilizopigwa Tanganyika zikazungumza Kiswahili. Na mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa Vuta N'kuvute kutoka katika riwaya ya Adam Shafi, akaipiga Zanzibar penyewe, ikaonyeshwa hadi Toronto. Mtazamaji wa Unguja hawezi kuinuka pale akauliza hapa ni wapi.

Basi pale kibandani picha ya Rufiji ikaanza kutungwa kwa mdomo, papo hapo, bila kamera. Wakakubaliana haraka kwamba steringi hatakuwa Mjerumani wala Mwingereza. Atakuwa mpagazi, mtu wa Salale, mmoja wa wale walioburuza boila. Wakakubaliana kwamba atasema, tena sana. Mvuvi akapewa kazi ya kuangalia siku za bamvua. Tatizo lilikuja kwenye mwisho. Mwenye kibanda, ambaye ndiye mwenye hesabu za kiingilio, alisimama kwenye sheria.

"Steringi hafi. Akifa, watu watadai mia tano zao."

Kikongwe mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni, ambaye sidhani kama alilipa, akasema: "Mwanangu, babu yangu alikwenda na mzinga ule. Hakurudi."

"Shikamoo, babu. Lakini hii ni picha."

"Marahaba. Najua ni picha. Ndiyo nakwambia wakati mnaitunga."

Mwalimu akajaribu kusuluhisha kwa kusema wawe na steringi wawili, kama Sholay. Hapo ndipo alipoharibu, maana palizuka upya ule ubishi wa Amitabh na Dharmendra, na nusu saa nzima hapakuwa na wa kumrudisha mtu Rufiji. Kijana wa bodaboda alikuja kuniambia chombo kimepata abiria wa kutosha. Nilipokuwa napanda pikipiki walikuwa wamefikia hapa: mpagazi atakufa, lakini si kabla ya kuifikisha boila Dar es Salaam na kuirudisha. Mwenye kibanda alikuwa bado hajakubali.